Nyongeza ya Dulles

Muuguzi mwenzangu wa zamu ya usiku alikuwa akisafisha droo yake kabla ya sikukuu za mwaka 2018 alipoibua bahasha ya benki. Ndani mlikuwa na pasi mbili za karatasi za kuingilia launji za United Airlines, kila moja ya mtu mmoja, mara moja. Tarehe ya mwisho ya kuzitumia ilikuwa 31 Desemba. "Wewe si ndiye unayekwenda Afrika?" aliniuliza, akaisukuma bahasha upande wangu wa meza bila kungoja jibu. Yeye likizo zake huzimaliza kwa gari. Ndege huipanda akifiwa.

Pasi nyingi za bure huku Marekani hupatikana kwa njia hiyo. Benki ya Chase hutoa kadi ya mkopo yenye jina la United. Mwenye kadi mwaka ule alilipa ada ya dola 95, na kila mwaka akaletewa pasi mbili kwa posta. Mtu asiye nayo alitozwa dola 59 mlangoni kwa kuingia mara moja. Lakini wengi wanaochukua kadi hiyo hawana safari za kutosha kuzimaliza, hivyo mwaka ukielekea ukingoni pasi huanza kutembea zenyewe: kwa shemeji, kwa jirani, kwa mfanyakazi mwenza, hata kwa mtu asiyejulikana aliyesimama mlangoni mwa launji akisoma bei na kusita. Kuziuza kumekatazwa na masharti yake, ingawa mtandaoni zilikuwa zikiuzwa mchana kweupe.

Nilizitia kwenye pasipoti nikaendelea kupima mizigo. Safari yangu ilikuwa Denver hadi Washington kwa United, kisha Ethiopian hadi Addis Ababa, na kutoka hapo Dar es Salaam. Watanzania wengi wa Marekani wanaijua njia hii kama wanavyoijua ya kwenda kazini. Ethiopian iliingia Star Alliance mwezi Desemba 2011, umoja ule ule wa United, kwa hiyo tiketi inakuwa moja na mizigo inakwenda moja kwa moja hadi mwisho. Tena abiria anaruhusiwa masanduku mawili ya kilo 23 kila moja, na kwa mtu anayerudi nyumbani Desemba, kilo hizo zina maana kuliko upana wa kiti. Dada alitaka viatu vya watoto, mjomba alitaka dawa za viungo, na rafiki yangu wa Kigamboni alitaka kompyuta aliyoapa kwamba ni nyepesi.

Ubaya wa njia hii ni saa zake. Ndege ya usiku wa manane kutoka Denver inakutupa Washington alfajiri, na ya Addis inaondoka kama saa nne asubuhi. Katikati hapo huna kitanda wala huna safari. Una kiti cha chuma, mlango wa duka la kahawa ambao bado haujafunguliwa, na televisheni inayorudia habari zile zile. Mtu aliyetoka kazini usiku uliotangulia, akapakia mizigo mchana kutwa, anaweza kulipa dola 59 kwa kiti laini bila kuona uchungu. Mimi nilikuwa na pasi, wala sikuhitaji kujaribu moyo wangu.

Uwanja wa Denver ulifunguliwa mwaka 1995, nao una paa la mahema meupe linaloiga milima iliyo jirani. Usiku ule mahema yalikuwa yamebeba theluji halisi. Getini nilikaa karibu na Mkenya mfanyabiashara wa kahawa aliyekuwa ametoka launji muda mfupi kabla haijafungwa. Nilimwuliza alilipa kiasi gani. Akacheka, akanionyesha kadi ya dhahabu ya ShebaMiles, programu ya wasafiri wa Ethiopian. Hakulipa kitu. Kisha akanieleza kanuni ambayo ilinibidi nimwombe airudie.

Mwenye daraja la Gold katika shirika la kigeni la Star Alliance anaingia kwenye launji za United hata kama anaruka ndani ya Marekani tu. Mwenye Gold ya United yenyewe, akiwa na safari ya ndani, haingii kwa daraja hilo. Anangoja mpaka apate safari ya kimataifa. Yaani Mmarekani anayeruka na United kila wiki, fedha yake yote ikiishia kwa United, anabaki nje, na Mkenya aliyejikusanyia maili zake kati ya Nairobi, Addis na Guangzhou anapita mlangoni akitabasamu. "Wageni ndio hukaribishwa," aliniambia, "mwenye boma atakula baadaye." Sababu yenyewe ni ya kibiashara. Launji hizi ziliishi kwa ada za wanachama, na shirika halitaki wateja wake wa nyumbani wapate bure kitu ambacho wako tayari kukinunua. Mgeni wa shirika jingine hayumo katika hesabu hiyo.

Ndege yetu ilichelewa kwa sababu ya kumwagiwa dawa ya kuyeyusha barafu mbawani, tukatua Washington Dulles saa kumi na mbili imepita. Kupitia dirishani niliona magari marefu yenye miguu ya ajabu yakijikokota kwenye lami chini ya taa. Kila anayefika Dulles huyashangaa. Kwa Kiingereza jina lake ni launji zinazotembea, na zina historia inayofaa kusimuliwa na mtu mwenye pasi ya launji mfukoni.

Dulles ilichorwa na Eero Saarinen, msanifu mzaliwa wa Finland, ambaye alifariki mwaka 1961 bila kuuona ukikamilika. Rais Kennedy aliuzindua Novemba 1962. Saarinen alichukia kuona abiria wakitembezwa kwenye korido ndefu kuelekea ndegeni, akaamua ukumbi wa kungojea wenyewe uende. Abiria wangekaa kwenye viti ndani ya chumba chenye magurudumu, milango ingefungwa, chumba kingeondoka na kwenda kujibana ubavuni mwa ndege. Kila kimoja kilibeba watu 102, na 71 kati yao waliketi. Hapakuwa na mwanachama wala asiye mwanachama: aliyekuwa na tiketi alikuwa na launji. Mpango huo ulishindwa kwa sababu ndege zilizidi kuwa kubwa na abiria wakawa wengi, kumbi za mageti zikajengwa mbali na jengo kuu, na mwaka 2010 treni ya chini ya ardhi ikachukua sehemu kubwa ya kazi. Magari yaliyobaki bado yanasomba watu kati ya majengo. Neno launji limeyahama, likaenda kuketi nyuma ya mlango wa kioo wenye mhudumu na mashine ya kusoma kadi.

Na kwa kweli mlango huo ulitangulia magari ya Saarinen. American Airlines ndiyo iliyofungua launji ya kwanza ya shirika la ndege, Admirals Club, kwenye uwanja wa LaGuardia, New York, mwaka 1939. Mwanzoni uanachama haukuuzwa. Shirika lilichagua lenyewe nani aalikwe, na wenye vyeo na majina ndio walioalikwa. Baadaye ndipo ukawekewa bei, na yeyote mwenye fedha akaweza kuingia. Nikiwa kwenye treni ya Dulles niliona pasi yangu ya bure ni mjukuu wa mialiko ile, isipokuwa huyu amelelewa na benki.

Mimi situlii safarini mpaka nione geti langu kwa macho, kwa hiyo kabla ya kwenda launji nilishuka upande wa mageti ya ndege za nje. Saa moja na robo watu wa Addis walikuwa wachache: kijana aliyelala akiwa amekumbatia begi, familia ya Kiethiopia yenye watoto waliovaa masweta yanayofanana, na kwenye kiti cha magurudumu, bibi mmoja wa makamo ya mama yangu, kitenge juu ya koti zito, akimwambia mtu kwenye simu, "Nimeshafika huku, wameniweka kwenye kigari kama mgonjwa. Nenda kazini, usinihangaikie."

"Shikamoo mama," nilimwambia alipomaliza.

Alinitazama kuanzia viatu. "Marahaba baba. Kumbe humu wamo?"

Alikuwa anarudi Moshi. Alikuja Maryland kumwangalia binti yake aliyejifungua, kama mama wengi wa kwetu wanavyokuja, na muda wa miezi sita aliopewa uwanjani alipoingia ulikuwa unakaribia kwisha. Kigari hakuhitaji, miguu yake ilikuwa mizima kuliko yangu. Binti alikiomba kwenye tiketi ili mama asipotee Dulles wala Addis, na yeyote aliyewahi kumsafirisha mzazi asiye na Kiingereza anaijua mbinu hiyo. Kijana aliyemsukuma alikuwa Mwethiopia, kama walivyo wafanyakazi wengi wa uwanja ule. Jamii kubwa kuliko zote ya Waethiopia nchini Marekani iko Washington na vitongoji vyake. Kwa kuwa Waethiopia nao huhesabu saa kuanzia alfajiri kama sisi, alimwonyesha vidole vinne, na mama akajua ni saa nne bila mkalimani. Binti alikuwa na zamu ya asubuhi hospitalini, ndiyo maana alimshusha mapema hivyo.

"Umekunywa chai, mama?"

"Chai ya hapa? Nimeona bei. Dola nne kwa maji ya moto. Nitakunywa ndegeni."

Nikamwambia nina pasi mbili za mahali penye chai na kiti, na kwamba ya pili inakufa wiki chache zijazo bila kutumika. Hakunijibu mara moja. Aliuliza kwanza ni mahali pa dini gani. Halafu akauliza nani analipa. Nilipomwambia ni bure, akasema, "Bure ya Mzungu naijua, inakuja na karatasi ya kusaini," lakini alikuwa ameshaanza kukunja blanketi. Tulikiacha kigari pale pale, tukashika treni kurudi Jengo C, yeye akitembea mbele na mimi nyuma na begi lake, ambalo kwa uzito wake niliamini ndani mna chuma.

Mlango wa United Club ulikuwa karibu na geti C7. Mhudumu alizitazama pasi zetu, akataka kuona za kupandia ndege, akazichukua zile karatasi kabisa. Desemba huwa kuna bango linalotangaza kwamba wenye pasi za mara moja hawaruhusiwi kwa sababu ndani kumejaa. Kanuni inawaruhusu kuliweka, na wenye pasi za bure ndio wa kwanza kufungiwa. Asubuhi ile halikuwapo. Nusu ya viti vilikuwa vitupu.

Kusema kweli, anayeingia launji ya namna hii akitegemea karamu atasikitika. Palikuwa na mayai ya kuchemsha, mtindi, uji wa shayiri, mikate ya duara, matunda yaliyokatwa, mashine za kahawa na maji ya moto ya chai. Kulikuwa na intaneti, soketi za umeme kila kiti, na vyoo visivyo na foleni. Kubwa kuliko vyote ni ukimya. Watu walikaa wakiwa wametazama dirishani, kila mmoja akiwa ameacha kiti kimoja kitupu kati yake na jirani.

Mama alichukua mayai mawili na chai, akaomba maziwa, akaongeza sukari mpaka akaridhika. Alipomaliza alichukua yai la tatu, akalifunga kwenye karatasi ya kufutia mikono. Nilimweleza kwamba chakula hakitolewi nje. Akalifungua, akalila palepale taratibu, akasema, "Basi nalitoa nje kwa namna hii." Kisha akaanza kazi yake halisi. Nilikuja kujua kwamba mama huyu ameuza mitumba Kiboriloni tangu binti zake wakiwa shule ya msingi, na mfanyabiashara hawezi kukaa mahali bila kutafuta faida ya mahali hapo inatoka wapi.

"Hawa watu wote wameingia bure?"

Nikamweleza. Wengine wamelipa uanachama wa mwaka. Wengine wamekata tiketi za mbele. Wengine wameruka sana mpaka wakapewa daraja. Wengine, kama sisi, wameingia kwa pasi zilizotoka kwa benki.

"Benki inapata nini?"

Nikamweleza ninavyojua. Mwenye kadi anaponunua chakula au mafuta ya gari, duka linakatwa asilimia ndogo, na fungu lake linakwenda benki. Asiyemaliza deni kwa wakati anatozwa riba. Benki nayo hununua maili kwa shirika la ndege, kwa fedha taslimu, ili izigawe kwa wenye kadi. Shirika linapata fedha hizo hata kama ndege haijaruka. Pasi mbili ni kitu kidogo kinachowekwa juu ili mtu aichukue kadi hii na aiache ya benki nyingine.

Alisikiliza mpaka mwisho, akatingisha kichwa. "Hiyo ni nyongeza," alisema. "Ukifungua belo, kuna nguo grade ya kwanza na kuna zile ambazo hata ukimsimamisha mtu njiani hazichukui. Hizo hutupi. Mteja akinunua tatu unamwekea moja juu. Yeye anafurahi, wewe umeondoa kilichokuwa kinakujazia meza. Hivi viti vitupu asubuhi hii, mwenyewe angemwuzia nani? Kiti cha leo kesho hakiuziki."

Nimesoma maelezo mengi kuhusu uchumi wa maili na launji, na sijaona lililofika haraka hivyo. Baadaye dunia ilimpa ushahidi. Mwaka 2020 Korona ilipozuia watu kuruka, United iliweka rehani MileagePlus, programu yake ya maili, ikapata dola bilioni 6.8. Katika hesabu zake shirika liliithamini programu hiyo kuwa karibu dola bilioni 22. Ndege zilikuwa zimeegeshwa jangwani, lakini meza ya nyongeza ilikuwa bado na wateja, na wakopeshaji waliona hilo kabla ya abiria.

Mama aliniuliza swali jingine ambalo sikuwa na jibu lake tayari: yule muuguzi wangu, mwenye kadi, ananunua nini mpaka apewe nyongeza asiyoitumia? Nilifikiri. Analipa dola 95 kwa mwaka kwa kadi ya shirika ambalo haruki nalo. "Basi kanunua nyongeza," mama alisema, "na nguo hakuchukua." Alicheka mpaka bwana mmoja akainua macho kwenye kompyuta yake.

Tulikaa karibu saa mbili. Alichaji simu, akazungumza na Moshi kwa video, akaizungusha simu ili waone zulia. Mtu wa upande wa pili aliuliza kama amehamia Ikulu. Alinawa, akabadilisha viatu, akasali kidogo. Mimi nililala nikiwa nimekaa, usingizi mzito wa dakika chache ambao uwanjani nje usingewezekana, kwa sababu nje mtu hulala na jicho moja kwenye begi. Hiyo ndiyo thamani ninayoweza kuitetea. Chai dola nne mtu anaweza kuimudu au kuikosa. Kulala bila kulinda mali, kupata choo bila kuburuta masanduku, kuongea na nyumbani bila kelele za matangazo, hivyo vina maana kwa mtu mwenye umri wake na safari ya mabara mawili mbele yake.

Saa tatu na nusu tulirudi. Getini sasa palikuwa Desemba ya kweli. Wachaga walikuwa wamefika. Hakuna anayejua wanatoka majimbo gani, lakini kabla ya Krismasi utawakuta hapo wakiwa na makoti ya watoto, zawadi zilizofungwa kwa karatasi za kung'aa na masanduku ya mkononi yanayomtia wasiwasi mhudumu wa geti. Mama alikutana na mtu wa Marangu, kisha na mtu aliyesoma na mtoto wa dada yake, na ndani ya muda mfupi nilikuwa nimetambulishwa kama kijana aliyempeleka hotelini. Nilijaribu kusahihisha. Alikataa kusahihishwa.

Kutoka Dulles hadi Addis ndege iliruka kama saa 13 bila kutua. Mama alikaa mbele, mimi nyuma karibu na jiko la wahudumu. Bole, uwanja wa Addis, asubuhi iliyofuata ilikuwa imefurika; upanuzi wa jengo la abiria ulikuwa bado haujafunguliwa, na watu wa Lagos, Guangzhou, Johannesburg na Dubai walikuwa wakipishana kwenye ngazi moja. Launji za Ethiopian zilikuwa pale, moja ya wenye tiketi za Cloud Nine, daraja lake la biashara, na nyingine ya wenye kadi za Gold, na sikuwa na pasi ya hata moja. Nilinunua kahawa kikombe kidogo kwa bei ya haki na kuinywa nimesimama. Kijana mwingine alimpokea mama kwa kigari, akampungia mkono kila mtu kama mgombea ubunge, wakaelekea geti la Kilimanjaro.

Tangu mwaka ule mambo yamekazwa. Delta iliacha kuuza pasi za siku kwenye launji zake Novemba 2018, mwezi mmoja kabla ya safari yangu. Mwishoni mwa 2019 United ilianza kutaka mwenye pasi awe na safari ya siku hiyo kwa United au shirika mshirika wake. American bado inauza pasi ya siku kwenye Admirals Club, na wanajeshi wa Marekani wanaosafiri nayo wakiwa na sare huingia bila kulipa. Pasi nyingi zimehama kutoka kwenye karatasi kwenda kwenye simu, kwa hiyo anayetaka kumpa mwenzake asome masharti kwanza, na anayepokea aulize mambo matatu: inaisha lini, inataka tiketi ya shirika gani, na uwanja anaopita una launji iliyo upande wake wa mageti. Kuna watu wamefika na pasi nzuri wakakuta launji iko ng'ambo ya ukaguzi.

Kwa wanaosafiri kutoka kwetu, njia ya kawaida ni kadi za juu za benki. Nyingi hubeba haki ya kuingia launji kupitia mitandao kama Priority Pass, iliyoanza mwaka 1992, au LoungeKey. Uliza benki yako kwa mwaka unapewa mara ngapi bure, na kama mgeni unayeambatana naye anahesabiwa. Idadi ikiisha mlango bado unafunguka vizuri tu. Fedha inakatwa kwenye kadi, na utaiona mwisho wa mwezi. Na ukiwa na muda mrefu wa kusubiri, usikimbilie launji kabla ya kuuliza shirika lenyewe. Ethiopian huwapa hoteli Addis abiria wengi ambao muunganisho wao unazidi saa nane, na Turkish huwatembeza Istanbul bure wenye nafasi ya kutosha kati ya ndege mbili. Kitanda ni bora kuliko kochi, na hicho tayari kimo kwenye bei ya tiketi uliyolipa.

Mimi kadi ile sijaichukua. Nilikaa nikapiga hesabu: pasi mbili kwa bei ya mlangoni ya mwaka ule ni dola 118, ada ilikuwa 95, na kwenye karatasi inaonekana nimepata faida. Lakini faida hiyo ipo tu kama ningezinunua pasi zenyewe kwa fedha yangu, na nisingezinunua. Ninaruka nyumbani pale mfuko unaporuhusu, siyo kila mwaka. Kwa mtu wa aina yangu, kulipa ada ili nipate pasi ni kununua nyongeza na kuiacha nguo mezani. Kwa binti wa yule mama, anayempeleka na kumrudisha mzazi, mume na mtoto, hesabu inaweza kutoka tofauti, na nilimwambia hivyo aliponipigia kunishukuru. Aliichukua. Mama aliporudi Maryland kumwona mjukuu wa pili, aliniletea salamu kupitia kwake: mayai ya Dulles bado yapo, ila chai siku hizi wanaiweka mbali na sukari.

Kwa hiyo kila Novemba nauliza pale kazini nani ana pasi inayokaribia kufa. Hakosekani.